Lori Likikwama Kitonga

Vijana huniuliza biashara ya kupeleka vifurushi waianzie wapi. Mwaka 2015 nilikuwa na pikipiki moja, Boxer iliyochoka, na fulana niliyochapisha mgongoni: "Tunapeleka chochote, popote." Niliipenda ile fulana. Siku hizi nikimwona kijana kaweka maneno hayo kwenye ukurasa wake wa Instagram, namhurumia, kwa sababu najua miezi michache ijayo atakuwa anakopa mafuta.

Chochote popote maana yake ni hivi: asubuhi unapeleka viatu Mbezi Beach, mchana bahasha Posta, jioni gauni Kigamboni, na pantoni peke yake inakula saa nzima. Kila mteja anakupunguzia buku. Na ukimsikiliza vizuri ana haki. Gauni likifika kesho badala ya leo, kapoteza nini? Hajapoteza kitu, basi kwa nini akulipe zaidi?

Aliyenifungua macho ni mwenye lori mmoja. Gari lake limepakia mzigo wa Lubumbashi, limefia Mlima Kitonga, kule Iringa, pampu ya maji imekwisha. Fundi yuko pale, pampu iko Dar, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na mwenye gari yuko hukohuko Dar anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Akaniuliza kuichukua na kuiwahisha kwenye basi ni shilingi ngapi. Nikajikuna, nikasema elfu kumi na tano, huku nikijiandaa kubishana. Simu ikalia: elfu hamsini zimeingia. "Kaka, usiniambie bei, niambie basi linatoka saa ngapi."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Lori limesimama. Dereva na utingo wanakula kwa pesa ya bosi, kuna wa kulinda mzigo usiku, mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya saa moja, na safari inayofuata imeshaanza kuchelewa. Mtu huyu hakununua usafiri wa pampu. Alinunua siku mbili za lori lake. Mimi nilikuwa nimepanga bei kwa kilo na kilomita, wakati mteja anapiga hesabu ya kitu kingine kabisa.

Miaka miwili baadaye, wakala mmoja wa forodha ninayembebea mizigo alinisimulia DHL, ile kampuni kubwa ya vifurushi duniani, ilivyoanza, nikacheka peke yangu. Hadithi ni ileile, ila yao ilikuwa ya karatasi.

Larry Hillblom alikuwa mwanafunzi wa sheria Berkeley, California, akijitafutia hela kwa kubeba vifurushi: ndege ya usiku kutoka Oakland kwenda Los Angeles, anarudi na ya alfajiri. Mwaka 1969 akaungana na Adrian Dalsey na Robert Lynn. Chukua herufi za kwanza za majina yao ya ukoo unapata DHL. Walichokiona ni kwamba meli inatoka San Francisco kwenda Honolulu na shehena yake, lakini nyaraka za kuitoa shehena hiyo zinachelewa. Meli inafunga gati, mzigo unakaa, gharama zinapanda. Wao wakachukua zile nyaraka, wakazitia kwenye mabegi, wakapanda ndege ya abiria kama wasafiri wengine. Meli ingali baharini, kule Honolulu watu wameshaanza kushughulikia karatasi.

Aliyewahi kusubiri BL, yaani hati ya kutolea mzigo wa meli, Dar au Mombasa huku storeji ikihesabu siku hahitaji maelezo zaidi. Bahasha ina uzito wa gramu chache tu. Kilichokuwa kizito ni kontena lililokuwa likiisubiri.

Kwa hiyo kijana unayeniuliza uanzie wapi, mimi sikuulizi una pikipiki ngapi. Nakuuliza ni nani mjini kwako ambaye kitu kidogo kikichelewa, kitu chake kikubwa kinasimama. Hospitali inayosubiri kifaa cha mashine. Kiwanda cha kukamua alizeti kilichokatika mkanda msimu wa mavuno. Mkandarasi ambaye zabuni inafungwa saa nane mchana na mhuri uko mkoa mwingine. Mtafute huyo, wengine watakuja baadaye.

Jambo la pili ni kwamba wale jamaa wa DHL hawakununua ndege. Walinunua tiketi. Inaelezwa kwamba Hillblom alianza kwa kutumia sehemu ya mkopo wake wa masomo, na mkopo wa mwanafunzi haununui ndege. Wafanyakazi wao wa kwanza walikuwa mke na mume, Max na Blanche Kroll, na nyumba yao kule Hawaii ikawa ndiyo malazi ya wabebaji wa DHL. Soma tena hapo. Kampuni ambayo leo inafika nchi na maeneo zaidi ya 220 ilianza na mabegi ya abiria na sebule ya watu.

FedEx, wapinzani wao wa Marekani, walikwenda njia nyingine. Usiku wa kwanza wa kazi, Aprili 17, 1973, Memphis, walirusha ndege ndogo 14, wakabeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Pesa zilikwisha mara. Ndiko inakotoka ile simulizi maarufu ya mwanzilishi wao, Fred Smith, kwenda Las Vegas na dola 5,000 za mwisho, akacheza karata, akarudi na dola 27,000 za kulipia mafuta. Hadithi tamu, na FedEx ikawa kubwa kweli. Lakini yeye alikuwa na wawekezaji nyuma yake. Wewe una mikeka ya kubeti. Usithubutu.

Mimi ndege zangu ni mabasi ya Mbeya. Yanakwenda kila siku, nipende nisipende, na buti lina nafasi. Zamani, kabla serikali haijaruhusu mabasi kutembea usiku mwaka 2023, kazi yangu yote ilifuata saa kumi na mbili asubuhi. Ukikosa mabasi ya alfajiri, lori linalala siku nyingine nzima. Nilikuwa nachukua vipuri jioni kabla maduka ya Gerezani hayajafungwa, nalala navyo ndani, saa kumi alfajiri niko barabarani. Stendi ilipohama Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021 nililazimika kuamka mapema zaidi.

Sasa nikuoneshe mzigo mmoja unavyofungwa, maana hapa ndipo nilipolia. Siku moja ya masika nilituma klachi pleti Mbeya. Nikaifunga kwenye kiroba, nikazungusha selotepu, nikaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, nikapiga picha namba ya basi, nikamtumia mteja. Kila kitu sawa. Nina mama mmoja pale karibu na stendi, ana kibanda cha kutoa pesa, ndiye anayenipokelea. Kesho yake kimya. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huku kuna viroba viwili, vyote vimelowa, maandishi yametoka. Kipi chako?"

Kimoja kilikuwa changu, kingine cha mtu mwingine kabisa, na mwenye hicho kingine alikuwa ameshapita, kachukua cha kwangu, kaondoka nacho Kyela. Siku tatu kukipata. Nilirudisha nauli yote ya mzigo, nikaongeza ya chakula cha dereva, na yule mteja sikumwona tena kwa mwaka mzima. Tangu siku hiyo kila mzigo una karatasi mbili, moja nje chini ya selotepu, nyingine ndani ya kiroba pamoja na kipuri. Na kitambaa chekundu kinafungwa shingoni ili mama akione kwa mbali. Karatasi ya ndani hainigharimu hata shilingi hamsini.

Lakini mama wa kibanda ndiye biashara yenyewe. Watu wanadhani kusafirisha ni mwendo wa katikati. Katikati basi linajiendea lenyewe. Vitu hupotea mwanzoni na mwishoni, mkono kwa mkono. Usifungue njia mpya mpaka uwe na mtu upande wa pili ambaye simu yako ya saa tano usiku anaipokea, na umlipe kwa kila mzigo, siku ileile. Asikudai.

DHL nao walitanuka kwa kuongeza njia moja baada ya nyingine: Ufilipino 1971, kisha Japani, Hong Kong, Singapore na Australia mwaka uliofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakawa Mashariki ya Kati na Afrika. Ukiangalia ramani unaona walikimbilia ng'ambo, huku Marekani yenyewe wakiwaachia wengine. Waliporudi kupigania vifurushi vya ndani ya Marekani, wakati huo wakiwa tayari mali ya Deutsche Post ya Ujerumani, walikutana na UPS na FedEx waliojikita kila mtaa. Novemba 2008 wakatangaza wanaacha. Ajira 9,500 zikaenda. Kampuni iliyozaliwa San Francisco ilishindwa nyumbani huku ikitamba duniani.

Mimi nilijifanyia ya kwangu, ndogo. Mwaka 2019 nilijiona nimekua, nikaingia kupeleka chakula mjini. Nikanunua pikipiki mbili na masanduku. Chipsi zikifika baridi mteja anatukana, zikifika moto analipa buku mbili. Miezi mitano. Nikauza pikipiki moja kwa hasara, nikarudi Gerezani kwenye grisi yangu.

Leseni nitaisema haraka kwa sababu watu hawapendi kuisikia. Kubeba vifurushi vya watu kwa malipo Tanzania kunasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Hata Marekani barua zilikuwa mali ya posta kisheria, na ni mwaka 1979 tu ndipo posta yao ilipolegeza kwa barua za haraka sana. Anza kidogo, lakini nenda ukaulize mapema, maana kampuni kubwa haikupi kazi bila karatasi hiyo.

Leo nina wapokeaji Makambako, Mbeya na Tunduma. Si dunia. Ila mwaka jana wateja walianza kuniomba nivuke Nakonde, upande wa Zambia, hatua chache tu kutoka Tunduma. Nilikataa miezi mingi, kwa sababu forodha si stendi ya basi. Mwishowe nikapata wakala mwenye ofisi pale mpakani, na sharti lake lilikuwa moja: ankara ya kipuri imfikie kabla ya kipuri.

Kwa hiyo sasa basi likipita Chalinze, mimi nimeshapiga picha ankara kwenye meza ya duka, nimeirusha WhatsApp. Likifika Morogoro wakala anajibu kwa kidole gumba. Beringi bado iko kwenye buti, chini ya mabegi ya abiria, na Tunduma wameshaanza kuishughulikia.