Maswali ya Wasomaji: Shirazi wa Jina na Shirazi wa Damu

Barua za majina ya ukoo zimetufikia nyingi, na robo tatu zinagusa jina moja. Tumezikusanya hapa, majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Asalaam aleykum wahariri. Jina letu la ukoo ni Shirazi. Marehemu babu alikuwa akituhesabia ndugu saba waliokuja na majahazi saba kutoka Shiraz, mji wa Uajemi (Iran ya leo). Kaka yangu aliyeko Uingereza amepima DNA, ameletewa asilimia 3 tu ya Iran, iliyobaki karibu yote ni Afrika Mashariki. Babu alitudanganya? (Msomaji, Pangani)

Wa aleykum salaam. Usimlaumu babu kwa sababu ya asilimia 3, maana kipimo hicho hakikuundwa kujibu swali lenu.

Alichopima kaka ni kipimo cha otosomu, kinachochanganya wazee wote wa pande zote. Mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, na akirudi vizazi 10 nyuma ni wazee 1,024. Mzee mmoja wa kizazi hicho kwa wastani anabakiza asilimia 0.1 tu ya vinasaba, na wengi hawabakizi hata chembe, kwa kuwa kila mzazi hutoa nusu tu ya alichonacho. Masimulizi ya majahazi saba yanahusu mambo ya miaka elfu hivi iliyopita. Kwa miaka 30 kila kizazi, hivyo ni vizazi 33. Mwajemi mmoja wa wakati ule, kama hakuna mwingine aliyefuata, hawezi kuonekana kwenye kipimo hicho kabisa.

Kwa hiyo 3 hiyo si ndogo, ila ina maelezo zaidi ya moja. Inaweza kutoka kwa wazee wengi wa zamani, kama ukoo ulikuwa ukioana wenyewe kwa wenyewe. Inaweza kutoka kwa mzee mmoja tu wa kizazi cha tano (1 kwa 32 ni asilimia 3.1), mfanyabiashara wa Ghuba wa karne ya 19 ambaye hata hakuwa Shirazi. Au ni makosa ya kawaida ya hesabu. Mwambie kaka afungue ukurasa wa matokeo atazame kiwango cha chini na cha juu kilichoandikwa pembeni. Kama ni 0 hadi 6, hiyo 3 msiijengee nyumba.

Tatizo jingine ni hazina ya kulinganishia. Kampuni hulinganisha mate ya mteja na watu ambao asili yao inajulikana, na watu wa mwambao wetu katika hazina hizo ni wachache mno. Mtu wa Pangani anaishia kugawanywa vipande vya Kenya, Tanzania, Somalia na "Wabantu wa kusini". Kampuni ikiboresha hazina yake, asilimia zinabadilika ilhali mtu ni yule yule.

Sasa upande wa babu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA kutoka makaburi ya miji ya mwambao, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Walichunguzwa watu 80, wengi wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na wa mji mmoja wa bara. Katika wengi wa watu wa mwambao, zaidi ya nusu ya vinasaba ni vya Afrika, na vimeingia zaidi kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya Asia. Kabla ya mwaka 1500 hivi, Asia hiyo ni ya Uajemi zaidi na India kidogo, na imeingia kwa wanaume. Baada ya hapo Uarabuni ndiyo inazidi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza kama mwaka 1000, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea mijini.

Hiyo inakaribiana sana na tarehe ya babu. Lakini soma kwa tahadhari: makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye nafasi, waliozikwa jirani na misikiti. Hayakusimulia habari za wavuvi wala wakulima wa pembezoni, na watu wa mwambao wa leo wamechanganyika zaidi tangu wakati huo, na bara na ng'ambo.

Hata Historia ya Kilwa yenyewe, masimulizi ya kale ya watawala wa mji huo, haisemi kitu kimoja. Nakala ya Kiarabu ina majahazi saba. Ile ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552, inamtaja Ali, mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, peke yake, akitokea Hormuz na majahazi mawili, na inasema mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, ndiyo maana ndugu zake wa baba walimdharau. Yaani kwa kauli ya Barros, huyo "Mwajemi" wa kwanza alikuwa nusu Mwafrika kabla hajapandisha tanga. Kisiwa alikinunua kwa nguo, na masimulizi ya Kilwa yaliyoandikwa baadaye yanasema alimwoa binti wa mzee wa mji. Watoto wakanyonya lugha ya mama. Ndiyo sababu sisi tunasema Kiswahili, wala si Kiajemi.

Neno moja kuhusu Shiraz: mji huo hauna bahari. Bandari yake ilikuwa Siraf, na Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, anawataja mabaharia wa Siraf na wa Oman kuwa ndio waliokuwa wakija huku. Ukisikia mtu anatafuta "kijiji chetu Shiraz", mshauri aanzie baharini.

Huku kwetu Makunduchi kila mtu ni Mshirazi, na hakuna anayefanana na Mwajemi. Imekuwaje? (Msomaji, Unguja)

Kwa sababu jina lilisafiri mbali kuliko damu. Baadhi ya wataalamu wa mambo ya kale, Mark Horton akiwa mmojawao, wanaona kwamba waliojiita Washirazi walihama kutoka visiwa vya Lamu kwenda kusini, wakiwa tayari Waislamu na Waswahili, na jina lao likawa alama ya uungwana wa mji. Kule Unguja, Tumbatu na Pemba likawa jina la wenyeji, kuwatenga na Waarabu wa Oman waliokuja baadaye na watu wa bara waliokuja mashambani. Siasa ikalitia nguvu: mwaka 1957 African Association na Shirazi Association ziliungana kuunda Afro-Shirazi Party. Serikali ya kikoloni ilipokuwa ikihesabu watu kwa makabila na kugawa chakula cha mgao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa makabila hayo hayo, mtu alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua jina.

Si kwamba ni jina la kubuni. Msikiti wa Kizimkazi, jirani zenu, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ila anayedai "Shirazi" ni kabila la damu moja atapata shida kulithibitisha kwa kipimo chochote.

Mimi ni mwanamke, baba alishafariki. Nataka kujua ukoo wa baba umetoka wapi. Nipime nini, nani apimwe, na nianze vipi? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Dada, wewe mwenyewe hutaweza. Jina la ukoo hufuata baba, na kinachofuata njia hiyo hiyo ni kromosomu Y, ambayo wanawake hawana. Mtafute kaka yako wa baba mmoja, ami yako, au mtoto wa kiume wa ami. Mjomba hafai, na mtoto wa shangazi hafai. Wote wana Y ya ukoo mwingine. Wewe pima DNA ya mitokondria, itakuonyesha ya mama, ya bibi mzaa mama, na kuendelea.

Usinunue kipimo cha Y chenye alama 12, yaani kinacholinganisha sehemu 12 tu za Y. Watu wasiohusiana kwa maelfu ya miaka hufanana alama 12 zote. Anzia alama 37, na kama mfuko unaruhusu chukua usomaji wa kina wa Y, ambao unagharimu dola mia kadhaa. Cha otosomu kwa kawaida hakifiki dola 100, lakini kwa swali lako ni cha kuongezea tu.

Pima wanaume wawili, si mmoja, na wasiwe ndugu. Chagua kutoka matawi yaliyotengana zamani kadiri mnavyoweza kuhesabu, mmoja wa mji wenu na mwingine wa Lamu au Pemba mnayedai mzee mmoja. Ndugu wa tumbo moja watafanana na hamtajifunza kitu. Matawi mawili ya mbali yakifanana, mzee wa pamoja amethibitika, awe ametoka Shiraz au Changamwe.

Siku ya kuchukua mate: dakika 30 kabla, asile, asinywe, asivute, asitafune mirungi wala tambuu. Hapa ndipo sampuli nyingi za wazee wetu zinapoharibika. Mate yajae hadi mstari, povu halihesabiwi. Mzee mwenye mdomo mkavu asugue mashavu kwa nje kwanza, au agizeni kampuni inayotumia kijiti cha shavuni. Andika namba ya chupa mtandaoni kabla ya kutuma, maana chupa isiyosajiliwa haina mwenyewe, na usiiache ndani ya gari juani. Ulizia mapema kama kampuni inapokea sampuli kutoka Kenya.

Na kabla ya yote, mwambie ami ukweli: majibu yanaweza kuonyesha kwamba mtu si wa baba anayedhaniwa. Akisita, mwache. Pia amua nani ataona data. Mwaka 2023 taarifa za wateja takribani milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, zilivuja, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa ufilisi. Pakua faili lako ghafi, kisha uamue kama utaomba wafute.

Nimepata J1. Rafiki zangu hapa Muscat wananiambia basi mimi ni Kureshi. (Msomaji, Oman)

Hapana. J1 ni jina la tawi kubwa la kromosomu Y, na imeenea Uarabuni kote, na ipo pia Ethiopia, Sudan na Caucasus. Herufi na namba moja ni umri wa maelfu ya miaka. Ukoo wa miaka 1,400 unatafutwa kwenye matawi ya chini kabisa, kwa usomaji wa kina. Hali kadhalika J2: ipo Iran, lakini ipo Uturuki, Lebanon na India, kwa hiyo peke yake haithibitishi Shiraz. Na ukipata E-M2, iliyozoeleka kwa Wabantu, usilie. Wako Al-Fulani wengi wenye nayo.

Je, hakuna karatasi zinazoweza kutusaidia kabla ya kutoa pesa? Na mbona kuna koo tunaitwa jina moja lakini wazee hawatuozeshi? (Msomaji, Malindi)

Zipo, na tungependa kila mtu aanzie huko. Kwenu Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimu wenye mashamba ya pwani kuleta madai yao, na madai hutaja mtu, baba yake na mara nyingi ukoo. Zanzibar, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hati za wakfu na mirathi. Tafuta daftari za ndoa za kadhi. Nyingi ni kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo nenda na msomaji. Miaka ya Hijra ibadilishe kwa uangalifu: mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, hivyo sehemu yake kubwa ni 1883. Kosa la mwaka mmoja huzaa babu wawili wasiokuwepo.

Ukiona orodha ya nasaba ina vizazi 12 kwa miaka 900, jua majina yamerukwa. Gawa kwa 30 uone.

Swali la pili lina jibu ambalo wazee hulikwepa. Mtumwa aliyeachwa huru alibaki na uhusiano wa walaa, yaani kifungo cha kisheria cha aliyeachwa huru, na bwana wake, na wengi walichukua jina la ukoo wake. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, hivyo hiyo ni habari ya vizazi vinne au vitano tu. Mtoto wa suria, kwa sheria, alikuwa huru na wa ukoo wa baba kamili, kwa hiyo Y yake inalingana na ya ndugu zake. Wa walaa hailingani. Majina yao kwenye hati hutofautiana pia: mmoja ni "bin fulani bin fulani", mwingine huandikwa "hadimu wa" au "huru wa". Soma neno hilo dogo kwanza, kisha ndipo ufikirie kipimo.