Mtoto wa Pangani kwenye mto wa Henley

Juzi usiku, nikiwa kwenye basi natoka kazini, nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Tanga anayeishi hapa Reading, Uingereza. "Shikamoo kaka. Nimeona picha yako ya Henley na medali. Naogelea tangu utotoni, mwakani na mimi nataka kujiandikisha. Unanishauri nini?" Nikamwitikia marahaba, nikamwahidi kumwandikia vizuri nikishapumzika. Jibu lake ndilo hili, na naliweka hapa kwa sababu najua mwenye hamu hiyo si yeye peke yake.

Medali ile ni ya kumaliza mashindano ya kuogelea mto Thames pale Henley, mwaka huu. Ya mwaka jana sina, na habari ya mwaka jana sijawahi kuisimulia hadharani.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Utotoni tulikuwa tukivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kwa kuogelea. Tulisubiri maji yajae na mkondo utulie, kisha tunajitosa, watu wazima kwenye kivuko wakitufokea. Hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba Henley watu huogelea mto Thames kwa kilomita 2 na ushei, niliona kazi imekwisha kabla haijaanza. Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani. Nikatangaza kazini. Mazoezi nilifanya kwenye bwawa la ndani, maji ya vuguvugu, mara moja kwa wiki, na wiki nyingine sikwenda kabisa.

Kwanza nikueleze mahali penyewe, maana napapenda. Henley-on-Thames ni mji mdogo wa zamani, una gulio lake la Alhamisi mpaka leo, na daraja la mawe la matao 5 lililojengwa mwaka 1786. Vyuo vya Oxford na Cambridge vilishindana makasia kwa mara ya kwanza hapo, mwaka 1829. Miaka 10 baadaye wenyeji wakaanzisha mashindano yao wenyewe, na kuanzia 1851, Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alipokubali kuwa mlezi wake, yakaitwa ya kifalme. Sasa huchukua siku 6, mwanzoni mwa Julai. Boti hupambana mbili mbili, inayoshindwa inafunga virago. Ukienda kutazama tu, njia ya miguu kandokando ya mto haina kiingilio. Karibu na daraja kuna klabu ya makasia ya Leander, ya tangu 1818, na nembo yake ni kiboko mwenye rangi ya waridi. Nilipomwona kiboko yule mara ya kwanza nilisimama nikamtazama kwa muda. Mnyama wa mito ya kwetu, amewekwa mahali pa heshima namna ile.

Njia ya boti ina urefu wa mita 2,112, kutoka kisiwa cha Temple kupandisha mto kuelekea mjini. Imezungushiwa nguzo na magogo yanayoelea. Waogeleaji tulipewa njia hiyo hiyo alfajiri, siku chache kabla ya boti. Zingatia hilo neno kupandisha. Unaogelea dhidi ya mkondo mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka jana nilifika pale saa 10 na nusu alfajiri, wiki ambayo nilikuwa nimefanya zamu 3 za usiku mfululizo. Nguo ya mpira ya kuogelea nilikuwa nimeikodi na ilinipwaya shingoni. Nilipozamisha uso, pumzi ilikatika. Nilifungua kinywa nivute hewa nikavuta maji. Kwetu chumvi inakubeba, unaweza hata kulala chali ukapumzika. Maji yasiyo na chumvi hayana huruma hiyo, miguu yangu ikawa inashuka tu. Nikaogelea kichwa juu kama tulivyozoea, na shingo ikaanza kuuma. Kulikuwa na nguzo moja yenye kinyesi cheupe cha ndege kilichokauka upande mmoja. Nikapiga mikono, nikapiga tena, nikageuka: nguzo ile ile, usawa wa bega langu. Nikahesabu mikono 40. Bado ipo. Kisha kigimbi cha mguu wa kulia kikakaza kama jiwe, nikanyoosha mkono juu.

Mama mmoja wa uokoaji alinijia na mtumbwi wake, akaniambia nishike omo nisiogope. Akanivuta hadi ukingoni.

Jamaa wawili walioahidi kunisubiri darajani hawakuja. Na kwenye kundi, kabla sijaacha kutetemeka, mtu alikuwa ameshaandika: "Samaki wa Pangani kaokolewa na mtumbwi." Watu wakacheka. Nilitoka kwenye kundi lile na sijarudi. Wengine wameniomba radhi na nimewasamehe, lakini maneno yale ninayo mpaka leo, neno kwa neno.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Ingia mtoni mapema. Mimi mwaka huu nilianza Aprili, dakika 5 tu kwa siku, natoka, navaa. Mwili unajifunza baridi kidogo kidogo. Ukiingia na pumzi ikakushika, usianze kuogelea. Elea kwanza mpaka itulie, ni kama dakika moja au mbili. Jifunze kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja Mwingereza wa miaka 71 ambaye hakuniuliza hata mara moja natoka wapi. Nguo ya mpira ikubane, na shingoni upake mafuta ya mgando, la sivyo utachubuka. Baada ya mvua kubwa usiingie, maji taka hutiririkia mtoni. Ukitoka majini vaa haraka, kwa sababu mwili huendelea kupoa hata ukiwa umeshatoka, na usikimbilie kuoga maji ya moto. Saa ile ya alfajiri hakuna treni ya kutoka Reading, kwa hiyo tafuta mwenye gari. Na narudia: mtoni mapema. Bwawa halikufundishi mkondo.

Mwaka huu sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Alisimama ukingoni amejifunga khanga juu ya koti, taulo mkononi. Nilipoipita ile nguzo sikugeuka kuitazama, nilijua tu kwamba nimeipita. Dakika 57. Wapo waliotumia nusu ya muda huo, na hilo halinipunguzii kitu. Nililia kwenye gari.

Sisi watu wa pwani tulioko ugenini tuna tabia moja lazima tuiseme. Tunadhani kuzaliwa karibu na maji ni sawa na kuyajua maji yote. Tunadharau mazoezi, tunamdharau mzee mwenye subira, tunatangaza kabla ya kutenda. Halafu mwenzetu akianguka, sisi ndio wa kwanza kumcheka. Acheni. Kijana akisema anataka kujaribu jambo, nenda kasimame darajani kama ulivyomwahidi. Ni asubuhi moja tu ya maisha yako, na yeye ataikumbuka miaka mingi.

Mdogo wangu, Jumamosi hii saa 1 asubuhi mimi na mke wangu tutakuwa Caversham, ng'ambo ya Thames hapa Reading, pale mtoni. Njoo na taulo, soksi nzito na chupa ya chai ya tangawizi. Usiku mvua ikinyesha sana nitakupigia, tuahirishe.