Maswali na Majibu: Faida Itokanayo na Mfungwa

Je, hapa Uganda tuna magereza ya kampuni binafsi? (Msomaji, Jinja)

Hatuna. Ibara ya 215 ya Katiba imeunda Idara ya Magereza, na tangu Sheria ya Magereza ya 2006 hata magereza yaliyokuwa chini ya serikali za mitaa yamo mikononi mwake.

Kampuni ikiweza kupunguza gharama na msongamano, ubaya uko wapi? (Msomaji, Masaka)

Ubaya uko katika namna inavyolipwa. Kwa kawaida malipo huhesabiwa kwa idadi ya wafungwa na siku wanazolala ndani, na katika mikataba kadhaa ya jimbo la Arizona, Marekani, serikali iliahidi kulipia vitanda vyote hata vikiwa vitupu. Kwa hiyo mfungwa anayeachiliwa mapema, jambo ambalo kwa jamii ni heri, kwa mwenye mkataba ni hasara. Huko Pennsylvania jaji Mark Ciavarella alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2011 katika kashfa ya fedha zilizotoka kwa mjenzi na mmiliki mwenza wa mahabusu binafsi za watoto. Unafuu wenyewe, nao, mara nyingi hutafutwa katika mishahara na idadi ya askari. Katika gereza la Mangaung, Afrika Kusini, serikali ililazimika kushika usimamizi kwa muda mwaka 2013 baada ya kampuni ya G4S kushindwa kulidhibiti.

Kuna mahakama iliyowahi kuyakataa magereza ya kampuni binafsi? (Msomaji, Mbale)

Ipo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu Kabisa ya Israeli ilibatilisha sheria iliyoyaruhusu, kabla hata mfungwa mmoja hajaingizwa, kwa hoja kwamba kumweka mtu chini ya mamlaka ya anayetafuta faida kunavunja utu wake. Hoja hiyo naiona nzito kuliko ile ya gharama, kwa sababu haibadiliki hata kampuni ikiwa na huduma bora.

Na wafungwa wetu wanaopelekwa kulima mashamba ya watu? (Msomaji, Masindi)

Hapo ndipo suala linapotugusa. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2011 ilieleza kuwa wafungwa wa Uganda, wakiwemo mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa, walikuwa wakifanyishwa kazi katika mashamba binafsi. Ibara ya 25 ya Katiba haiihesabu kazi itokanayo na hukumu kuwa kazi ya shuruti, lakini mahabusu hana hukumu, na Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Uganda imeuridhia, unakataza hata aliyehukumiwa kukodishwa kwa mtu binafsi au kampuni. Shirika hilo hukubali kazi ya namna hiyo pale tu mfungwa anaporidhia kwa hiari na kupata ujira na masharti yanayokaribia ya mfanyakazi huru. Mwenye shamba anayelipa ofisi ya gereza, huku mlimaji akirudi bila chochote, hajatimiza masharti hayo.