Tableti kwa kila mwanafunzi? Ngojeni kwanza niwape habari ya mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba

Swali lenu la wiki hii ni kama kila mwanafunzi wa sekondari apewe tableti yake darasani. Nilivyoona waliotangulia wanajibu "watacheza gemu tu" nikasema hapana, leo na mimi naandika. Wapewe! Nafundisha jiografia shule ya kata huku Kibosho, Kilimanjaro, wanafunzi wangu wanagombania kitabu kimoja cha ramani halafu nyie mnaogopa gemu.

Muhula uliopita niliingia kidato cha tatu na laptopu yangu nikawafungulia Google Earth. Intaneti shuleni hakuna, ila usiku wake nilikuwa nimezungukia eneo letu lote kwa bando langu mwenyewe, maana ukishapita mahali zile picha zinabaki kwenye mashine, kesho yake unafungua bila mtandao. Kelele zake sasa, kila mtu anatafuta bati la kwao. Binti mmoja akauliza mbona mfongo hauonekani, na kweli migomba imefunika, basi tukaanza kuufuata kwa kubahatisha, huyu anasema unapita juu ya kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, yule anabisha, babu yake yuko kwenye kamati ya mfongo anajua zamu za maji zinaanzia wapi. Nikachora mstari nikaiambia programu itoe mchoro wa mwinuko toka banio, pale maji yanapoingilia mfongo, mpaka mashambani. Ukatoka umejaa vilima, yaani kwa mujibu wa kompyuta maji yetu yanashuka, yanapanda, yanashuka tena!

Darasa zima likaangua kicheko. Ticha wa hisabati alikuwa mlangoni anasubiri kipindi chake, badala ya kunitoa akaingia, akawauliza haya, wazee wenu walikuwa wachawi au mashine imekosea? Wakapiga hesabu ya mteremko toka mwanzo mpaka mwisho wakakuta unashuka vizuri tu, shida iko katikati. Mimi nikawaeleza kwamba vipimo vingi vya mwinuko wa dunia msingi wake ni rada ya chombo cha anga cha Marekani ya Februari 2000, inachukua nukta zilizoachana makumi ya mita, na penye miti mingi inapima majani sio udongo. "Kwa hiyo mwalimu, imepima migomba?" Ndio, imepima migomba, na ile miti ya kivuli cha kahawa. Kipindi cha hisabati kikaliwa chote na cha historia nusu, maana swali likawa wazee walichimbaje bila pimamaji, wakaenda kumuuliza meku mmoja, yaani mzee, jirani na shule akawajibu maji yenyewe ndio yanakuonyesha njia.

Sasa nikisoma nilichoandika hapo juu tableti siioni. Laptopu ilikuwa moja. Kila mtu angekuwa na yake, yule binti angeangalia bati la kwao akaridhika, na ule ubishi wa kihamba cha nani usingetokea. Kwa hiyo naona jibu langu ni hapana, msiwagawie, nunueni projekta na mumpe mwalimu bando. Ingawa fizikia ni kesi nyingine, mwenzangu anatumia yale majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta yanayoitwa PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, unayapakua mara moja basi, na kuunganisha saketi lazima mtoto ashike mwenyewe, kumwangalia mwenzie haitoshi, labda huko ziwepo tableti chache za kugawana. Na wale wa madawati ya nyuma siku ile ya mfongo waliona migongo ya wenzao tu, hilo silifichi.