Gari Likilala Njiani, Nani Analipa?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia mbio. Leseni yake ya daraja E, ya malori makubwa, haijamaliza hata miezi miwili, na tayari kapata kazi sehemu mbili. "Kaka, hawa wa kwanza posho yao ya safari ya Lubumbashi, Kongo, imenona. Hawa wa pili wanabana sana. Si niende kwenye hela?" Nikamuuliza: gari likikufia Igawa, njia ya Mbeya, saa nane usiku, hao wa posho nono wanafanyaje? Akacheka. Hajui. Na mimi nilipoanza sikujua, nikaja kufundishwa na njaa.

Kampuni yangu ya kwanza niliichagua kwa posho. Nilikuwa nimetoka kwenye utingo, nimechoka kulala chini ya tela, nikapewa gari lenye rangi inayong'aa nikaona nimefika. Tripu ya pili, mbolea ya kwenda Zambia, giaboksi ikagoma katikati ya Igawa na Chimala. Tulikaa pale siku 11. Kila nikipiga simu ofisini jibu lilikuwa "vumilia, fundi yuko njiani". Fundi alifika siku ya sita, mikono mitupu, kuja kuangalia tatizo ni nini! Ile posho niliyoiona kubwa ikaliwa na watu wawili, mimi na utingo wangu, pamoja na mzee wa kijijini tuliyemlipa atusaidie kulinda usiku. Usiku wa nane tukapitiwa na usingizi sote, wezi wakanyonya tangi. Yale mafuta yalikatwa kwenye mshahara wangu miezi mitatu mfululizo. Nilirudi Dar nina deni kuliko nilivyoondoka.

Kwa hiyo ukienda kuomba kazi, posho ulizia mwisho. Na usiyaulizie haya ofisini, maana ofisini kila kampuni ni nzuri. Nenda yanapopaki magari yao, Misugusugu au Chalinze, kaa na madereva wao, agiza chai. Usiwaulize "kampuni yenu ikoje", watakujibu "tunasukuma tu" na maongezi yameisha hapo. Uliza hivi: mara ya mwisho gari lako liliharibika wapi, fundi alifika baada ya siku ngapi, na hizo siku ulikula hela ya nani? Dereva atakayekujibu kwa kutaja hela aliyoongezewa, huyo ana kampuni. Atakayenyamaza kwanza na kutazama pembeni, umeshapata jibu lako.

Ukipata upenyo wa kuingia yadi yao, ingia. Sitazami magari mapya kwanza, natazama mabovu. Kama kuna vichwa vitatu vya malori juu ya mawe vimenyofolewa kila kitu, ujue spea za gari lako zitatoka pale, na wewe ndiye utakayekuwa barabarani unazisubiri. Tazama na matairi ya magari yanayotoka kupakia siku hiyo hiyo. Kipara ni kipara, hata kama kimepakwa dawa kikang'aa.

Mafuta nayo ni kesi ya peke yake. Kutoka Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na hadi Lubumbashi unakaribia 2,000. Kuna ofisi zinapiga hesabu ya lita kana kwamba njia yote ni tambarare kama Chalinze. Gari lenye tani 30 mgongoni likiupanda mlima Kitonga, Iringa, halinywi sawa na likiwa tupu, na foleni ya mpakani nayo inakunywa taratibu. Uliza kama lita wanazotoa zinatosha kwa dereva mwaminifu. Kampuni inayokupa pungufu halafu ikakukata kila tripu inakusukuma uwe mwizi, na siku ukikamatwa ukiuza wese itashangaa kama vile haikujua.

Mizani je? Kuna Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Kikomo cha gari, tela na mzigo ni tani 56, lakini wageni wengi wa kazi hii hukamatwa na uzito wa ekseli moja moja. Jumla iko sawa, ekseli moja imezidi kwa sababu mzigo ulipangwa vibaya bandarini, tena wewe hukuwepo ukipakiwa. Faini ya namna hiyo ni ya nani? Ipate kwa maandishi kabla hujawasha gari.

Maandishi yenyewe ni mkataba. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inautaka uwe wa maandishi, na makato ya hasara yana masharti yake: upewe nafasi ya kujieleza, na yasizidi robo ya mshahara. Laiti ningelijua hilo kule Chimala. Angalia pia michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anatakiwa abebe angalau nusu. Ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, analipa mwajiri yote, kwa hiyo ukiiona kwenye makato yako ujue kuna mchezo.

Swali jingine ambalo vijana wanaona aibu kuliuliza: tripu ya kwanza nitakwenda na nani? Uliza tu. Kampuni inayojali inakuweka na dereva mzoefu au kwenye msafara. Kitonga ya kupanda inakuchosha. Kitonga ya kushuka, ukirudi na shaba, ndiyo inayoua, na gia ya kushukia inachaguliwa juu kabla ya kona ya kwanza, haitafutwi katikati. Halafu ukivuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, unahamia upande wa kulia wa barabara. Uzuri ni kwamba baada ya kuikata Zambia kwa Kiingereza cha kubabaisha, kule unakikuta Kiswahili tena, cha kwao, kitamu.

Kuhusu deiwaka, yaani kumwendeshea mtu gari lake kwa muda bila kuajiriwa, wengi wanakataza. Mimi sikatazi kabisa. Kumshikia mtu gari kwenda Morogoro na kurudi kunakuonyesha kampuni kwa ndani kuliko usaili wowote. Ila usivuke nalo mpaka. Huna mkataba, jina lako halipo popote, na likianguka utabaki wewe na polisi.

Kijana wangu bado hajaamua. Jumamosi tunakwenda wote Misugusugu, na nimemwambia aje na hela ya chai na chapati. Madereva hawasemi ukweli wakiwa na njaa.