Je, kuchemsha maji kunaondoa madini ya risasi?

Swali: Mtaalamu, tumehamia nyumba ya zamani ambayo mabomba yake hayajawahi kubadilishwa, nasi tuna mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya unga. Maji ni maangavu na hayana ladha mbaya, na huyachemsha kila siku. Je, inatosha kutukinga na madini ya risasi?

Jibu: Haitoshi. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa sababu hiyo usiache, lakini risasi ni metali isiyotoka na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, risasi yote hubaki katika maji machache zaidi. Uangavu wa maji nao si ushahidi, kwa kuwa risasi iliyoyeyuka haionekani, hainuki wala haina ladha.

Mara nyingi risasi haitoki kwenye chanzo cha maji, bali huyeyuka kutoka kwenye mabomba, lehemu ya viungo na koki za nyumba yenyewe, hasa maji yenye asidi yanapolala bombani usiku kucha. Ndiyo maana majirani wawili wanaotumia bomba kuu moja wanaweza kupata vipimo tofauti kabisa. Likwangue taratibu kwa kisu bomba linaloingia ndani: likiwa laini, liking'aa kama fedha palipokwanguliwa na sumaku isipolishika, yaelekea ni la risasi.

Uhakika hutoka maabara. Kinga lita moja ya kwanza kabisa asubuhi, baada ya saa 6 au zaidi bila koki yoyote kufunguliwa. Ukiyaacha yatiririke kwanza, utakuwa umepima maji ya barabarani, si ya nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, ila usikichukulie kuwa kibali, kwani hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, ambaye mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima na ambaye ubongo wake bado unakua.

Kwa huyo mtoto, nakusihi usisubiri majibu: tumia maji ya chupa, au yaliyopita kwenye chujio lililothibitishwa kuondoa risasi. Usichote maji ya moto ya koki, kwa sababu huyeyusha risasi zaidi. Chota ya baridi, kisha uyapashe. Na bomba likibainika kuwa la risasi, libadilishwe lote hadi kwenye bomba kuu, maana kukata kipande tu hutikisa ukoko wa ndani na kunaweza kuongeza risasi kwa muda.