Akifumba macho, kidole kinaijuaje pua ilipo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa darasa la tatu amefundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Jioni akafumba macho, akajigusa ncha ya pua kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mama, hapo nimetumia mlango upi?" Nikamjibu ngozi. Akanikatalia, akasema kidole kilipokuwa njiani hakikuwa kimegusa kitu. Je, kuna milango mingine? Na nikamwambie mwalimu wake kwamba amekosea?
Mama aliyebanwa

JIBU: Marahaba, mama. Umebanwa kihalali. Nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, na wengi waliopita mikononi mwangu waliikariri ile mitano bila kuhoji. Huyo wako ameshika penyewe.

Ngozi inasaidia kidogo, hasa inapovutika kwenye maungio, lakini kazi kubwa inafanywa na misuli. Ndani ya kila msuli unaosogeza kiungo mna vinyuzi maalumu vinavyopima umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano mna vipimo vingine, vya nguvu inayovuta. Taarifa hizo zinapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, nao unajua mkono uko wapi bila kuutazama. Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisi hii jina la kitaalamu mwaka 1906. Mimi naiita hisi ya mkao, inatosha.

Hisi hii inaweza kudanganywa, na hapo ndipo inaponichekesha. Mwaka 1988 mtafiti James Lackner aliwaambia watu wafumbe macho na kujishika pua, kisha akaitetemesha kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu. Mtetemo ule unaufanya ubongo uamini kwamba msuli unarefuka, yaani mkono unanyooka na kwenda mbali na uso. Lakini vidole bado vimeshika pua! Ubongo ukatafuta suluhu: baadhi yao wakahisi pua inarefuka.

Ikipotea kabisa si jambo la kuchekesha. Ian Waterman, kijana wa Kiingereza, aliugua mwaka 1971 akiwa na miaka 19, na mishipa inayoleta taarifa hizi ikaharibika kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza. Maumivu, joto na baridi alivihisi. Ila hakujua miguu yake iko wapi mpaka aitazame. Alijifunza upya kukaa, kusimama na kutembea, kila hatua akiisimamia kwa macho na kwa akili. Taa zikizimika ghafla, anaanguka.

Hiyo ni moja. Ndani kabisa ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, mna mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo kukufuata na vinyweleo vya humo vinainama. Ndivyo unavyojua umegeuka. Mtoto akizunguka kisha akasimama ghafla, majimaji bado yanakwenda, ndiyo maana anaona chumba kinazunguka. Jirani na mifereji hiyo kuna vijiwe vidogo sana vya kalisi vinavyoeleza chini ni wapi.

Halafu kuna hewa. Mwambie abane pumzi kidogo akiwa amekaa. Wengi wanadhani kinachomlazimisha mtu kuvuta pumzi ni kuishiwa oksijeni. Kwa kawaida ni kaboni dioksidi inayojaa kwenye damu, na shina la ubongo linaihisi. Basi asije akahemahema kwa nguvu kabla ya kupiga mbizi: kaboni dioksidi inashuka, ile hamu ya kuvuta pumzi inachelewa, na mtu anaweza kuzimia ndani ya maji bila kuonywa na mwili wake.

Njaa, kiu, kibofu kilichojaa, hivyo navyo vina vipimo vyake. Hata ngozi si mlango mmoja. Maumivu, joto na mguso kila kimoja kina vipokezi vyake, na Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi vya joto na vya mguso. Kimoja cha Patapoutian, Piezo2, ndicho pia kinachofanya kazi kwenye ile hisi ya mkao ya binti yako.

Jumla ni mingapi? Inategemea unahesabu viungo, vipokezi au unachohisi, na anayekutajia idadi kamili ana haraka kuliko mimi.

Mwalimu wake usimwendee kwa ubishi. Mitano ni hesabu ya zamani, tangu Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, na inatosha kwa kuanzia. Kwenye mtihani binti aandike mitano, achukue alama zake. Swali la pua amuulize mwalimu mwenyewe, kipindi kikiisha.